Mashariki ya Kizuizi

Habari za kifo cha Bwana Hirano zilimfikia Makame kwanza, na mimi nikazipata kwa Makame. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila kitu cha mzee yule. Binti yake, ambaye sijawahi kumwona hata pichani, alimwandikia Makame kutoka Japani kwamba baba yake amefariki usingizini. Makame akanitumia ujumbe wa sauti Alhamisi jioni, akizungumza polepole, kwamba nifike kwake Al Wukair kesho yake baada ya sala ya Ijumaa tule pamoja, kwa kuwa katika Doha nzima hamjui mtu mwingine aliyemfahamu mzee. Niliusikiliza ujumbe ule mara mbili. Mara ya kwanza nilisikia msiba. Mara ya pili nilisikia kwamba binti wa Hirano anayo namba ya Makame, na kwamba miaka yote tangu mzee arudi kwao walikuwa wakijuliana hali, na mimi sikuambiwa. Nina umri wa kutosha kukijua kitu kilichonishika pale nilipokaa na simu mkononi. Ulikuwa wivu, uleule wa zamani, na haukuwa umepungua uzito.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni mmoja tu, ule nilioushinda getini nikiwa mlinzi wa kampaundi moja, nyumba nyingi ndani ya ukuta mmoja, huko Umm Salal. Nilikotoka kabla ya hapo na sababu za kuja Ghuba ni habari inayofanana na ya kila mtu niliyelala naye chumba kimoja, kwa hiyo naiacha. Chumba chenyewe kilikuwa Industrial Area, katika jengo lililotazamana na gereji ya malori, na kilijaa vitanda vya chuma vya ghorofa. Kila mtu alikuwa amening'iniza shuka au blanketi kuzunguka kitanda chake apate mahali pa kuwa peke yake. Ukiingia mchana ungedhani ni duka la nguo. Kiyoyozi kilinguruma mwaka mzima, na juu ya ngurumo yake watu walipiga simu nyumbani, waligombana, waliswali, walikaanga vitunguu kwenye jiko la pamoja kule mwisho wa ukumbi na harufu ikaja hadi kwenye mito yetu. Nilikuwa na taa ndogo ya kubana kwenye chuma cha kitanda na mazoea niliyoyaanza tangu nilipoacha shule kidato cha pili: kila mwezi nilichagua jambo moja na kulisoma mpaka nilielewe, kwa mpangilio, kutoka mwanzo wake. Mwezi mmoja lilikuwa jinsi gesi inavyopozwa hadi iwe kimiminika. Mwezi mwingine lilikuwa jinsi saa zinavyopangwa duniani. Wenzangu waliniita Ticha. Wafula, Mkenya kutoka Bungoma aliyelala kitanda cha juu yangu, alikuwa akiinamisha kichwa kati ya mashuka na kusema, "Ticha, zima hiyo jua yako, wengine hatuna mtihani kesho." Sikuwa nikitaka utajiri mwaka ule. Nilichotaka ni chumba chenye mlango ambao ningeweza kuufunga mimi.

Makame alilala kitanda cha mkabala na changu. Alikuwa Mzanzibari, mwembamba, rika langu, na alikuwa na kipaji ambacho sikukielewa wala sikukikubali kuwa ni kipaji: watu walipenda kukaa karibu naye. Hakuwa mchekeshaji. Hakuwa akijua mengi. Akikaa kwenye ngazi za jengo na kikombe cha chai ya maziwa, baada ya muda mfupi utakuta Mnepali mmoja na Mganda mmoja wamekaa naye, kila mmoja akimweleza habari za kwao, naye anasema tu "ehe" na "ikawaje". Mimi nilikuwa najua mji mkuu wa Nepal, mlima wake mrefu na aina ya serikali yake, na hakuna Mnepali aliyewahi kuja kukaa na mimi ngazini. Tulipangwa zamu moja, geti moja. Basi la kampuni lilituchukua alfajiri na kuturudisha jua likizama. Utaratibu wa geti ulikuwa mmoja anakaa nje kwenye kizuizi, ule mlingoti wa rangi nyekundu na nyeupe unaopanda na kushuka, na mwingine anakaa ndani ya kibanda penye simu na kiyoyozi, akiwapigia wenye nyumba kuuliza kama wanamtambua mgeni. Kila wiki tulibadilishana.

Bwana Hirano aliishi nyumba ya mwisho, peke yake. Alikuwa mhandisi wa mambo ya gesi, umri umekwenda, mdogo wa umbo, na kila alasiri jua likianza kulegea alitoka nyumbani kwake kwa miguu, akafuata ukuta wa kampaundi mpaka getini, akasimama nasi kidogo, akarudi. Tulizungumza naye Kiingereza, sisi cha getini na yeye cha michoro ya mitambo, vyote viwili vifupi. Makame alikuwa akija na kahawa ya tangawizi kwenye chupa ya chai, na siku moja alimkaribisha mzee kama anavyomkaribisha mtu yeyote. Tangu hapo mzee akawa na kikombe chake kibandani, kidogo, cha bluu, alichokileta mwenyewe kutoka nyumbani. Alimwita mwenzangu "Makame-san", kwa heshima ya kwao. Mimi aliniita Ramadhani, kwa matamshi safi kabisa, ila kila mara kabla ya kulitaja alikitazama kwanza kitambulisho kilichoning'inia kifuani kwangu. Alikuwa mtu wa adabu na nina hakika hakujua kwamba anafanya hivyo. Mimi nilijua. Nilijaribu siku kadhaa kukigeuza kitambulisho nione kama atalikumbuka jina, naye akasema "habari za jioni, sir," kana kwamba mimi ndiye mwenye nyumba.

Alasiri moja, wakati Makame akiliinua geti lori la maji lipite, mzee alilitazama lile lori likiingia, akautazama mlingoti ukishuka, akacheka peke yake. Akasema, "Mimi natoka mashariki ya geti. Eneo zima la kwetu linaitwa hivyo." Kisha akamalizia kahawa yake na kuondoka. Makame alisuuza kikombe. Mimi niliandika maneno yale kichwani na sikuyaachia.

Siku hizohizo ikaja habari iliyotuweka sisi wawili kwenye mizani moja. Mkataba wa Hirano ulikuwa umeongezwa, mkewe alikuwa anakuja kukaa naye, na dereva wake wa Kihindi alikuwa anarudi kwao kabisa. Meneja wa kampaundi, Mlebanoni mpole aliyependa kila jambo liishe haraka, alituita ofisini akatuambia kwamba mzee anataka mmoja wetu: kuendesha gari, kuangalia bustani, kuwa karibu mama akihitaji kitu. Kampuni yetu ilikuwa tayari kumwachia mtu. Sote wawili tulikuwa na leseni. Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na chumba cha mfanyakazi, na meneja alituonyesha, sijui kwa nini, labda alidhani kinatusaidia kuamua. Kilikuwa kidogo, cheupe, na dirisha linalotazama mti wa mkunazi. Kilikuwa na mlango, na ufunguo ukiwa ndani ya kitasa. Niliugusa. Makame alikuwa amesimama nje akiuliza huo mkunazi unazaa au hauzai.

Mzee angechagua mwisho wa mwezi. Kwa hiyo jambo langu la mwezi ule lilichaguliwa tayari. Sikwenda kulala mchana siku za mapumziko. Nilikwenda kwenye kafe ya intaneti karibu na soko la mboga, nikakaa kati ya vijana waliokuwa wakizungumza na wake zao kwenye kamera, nikasoma kuhusu Japani mpaka shingo ikauma. Nilitaka kujua geti ni lipi, na nikajua. Zamani sana, mji mkuu wa nchi ile haukuwa pale ulipo leo, ulikuwa magharibi zaidi. Watawala wakaweka vizuizi kwenye njia za milimani zinazoingia upande wao, vitatu vikubwa, ili ajaye kutoka mbali asimamishwe na kuulizwa. Na kila kilichokuwa ng'ambo ya vizuizi hivyo, upande wa macheo, wakakiita kwa neno moja: mashariki ya kizuizi, Kanto. Upande wa pili nao ukaja kuitwa magharibi ya kizuizi, Kansai. Vile vizuizi vitatu viliachwa na kuota majani. Karne nyingi baadaye, mji mkuu mpya ukiwa umejengwa mashariki, kikawekwa kizuizi kingine mlimani, mahali paitwapo Hakone, na watu wakaanza kulihesabu jina kutoka hapo, na eneo lake likapungua likawa uwanda unaouzunguka mji ule. Geti lilihama, jina likabaki. Sasa hakuna geti lolote, na mamilioni ya watu bado wanaishi mashariki yake.

Nilikuwa na furaha ambayo msomaji wa peke yake ataielewa. Ijumaa ile tulipika ugali na dagaa waliotoka Mwanza kwenye mfuko wa mtu, tukala chini kati ya vitanda, na sikuweza kujizuia: niliwaeleza yote, kwa mpangilio, kuanzia mji mkuu wa kale. Niliwaambia kwamba askari wa kizuizi cha Hakone walikuwa wakitafuta vitu viwili hasa, bunduki zinazoingia na wanawake wanaotoka, kwa sababu wake wa mabwana wakubwa walikuwa wamewekwa mjini kama dhamana na mtawala hakutaka watoroke.

"Yaani askari wa huko kazi yake ni kusachi mabibi za watu wakitoka," Wafula alisema, akimega ugali. "Na sisi hapa tunasachi lori ya maji. Ticha, tulizaliwa wakati mbaya, buda."

Kila mtu alicheka. Makame alicheka pia, akauliza kama wale wanawake walikuwa wakipata kutoroka, na nikamwambia hilo sijalisoma bado. Akasema, "Kumbe." Hilo ndilo neno lake pekee. Nilikuwa nimeamua kumweleza mzee Alhamisi inayofuata, nikiwa zamu ya nje, ili yasiwe maelezo ya kupitia dirishani. Nilitaka yatoke kama mazungumzo.

Jumapili nilikuwa bado zamu ya ndani. Mzee alikuja wakati wake, Makame akammiminia kahawa, na dirisha la kibanda lilikuwa wazi kiasi cha mkono. Nikasikia Makame akisema, kwa sauti ileile anayoulizia mikunazi, "Sir, siku ile ulisema kwamba unatoka mashariki ya geti. Geti gani hilo?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikajiegemeza dirishani. Mzee akaweka kikombe chini, jambo ambalo hakuwa akilifanya, na akaanza. Alinyoosha mkono mmoja ukawa mlima na mwingine ukawa mlingoti. Alieleza kwa Kiingereza chake kilichokatika, na Makame akasema "ehe", akasema "ikawaje", juu ya mambo yaleyale niliyomlisha na dagaa siku mbili kabla. Mzee akasema kwamba alipokuwa mtoto hakuelewa kwa nini kwao kunaitwa hivyo, akamsumbua babu yake, na babu yake siku moja akamchukua kwa treni na kisha kwa miguu mpaka mlimani ili akamwonyeshe. Uso wake ulikuwa umegeuka uso wa mtu mwingine, wa mtu mwenye umri mdogo. Sikuweza kuendelea kumtazama. Nilifunga dirisha. Nilijiambia kwamba kiyoyozi kinapoteza baridi, nikakaa na simu ya mezani mbele yangu, nikawaona wakizungumza nyuma ya kioo bila sauti mpaka basi letu likapiga honi.

Ndani ya basi nilikaa kiti cha nyuma ya Makame ili nisimtazame usoni. Nilimwambia kwamba alichofanya ni wizi. Aligeuka, akaniangalia kwa mshangao wa kweli, na mshangao ule ndio ulionikera zaidi kwa kuwa ungekuwa rahisi kuuchukia kama ungekuwa wa uongo.

"Yakhe, nimeiba nini? Mie sikumwambia kitu. Nimemuuliza tu."

"Ulikuwa unajua jibu. Nilikupa mimi."

"Nilikuwa najua ulivyosema weye," alisema. "Alivyosema yeye nilikuwa sijui."

Wafula, aliyekuwa amepandia kituo kingine, alisema kwamba mapenzi ya wazee yana wivu kuliko ya wasichana, na watu wakacheka basi zima. Makame aliniambia baadaye, akiwa amesimama karibu na kitanda changu na taulo begani, kwamba kwao ukikaa barazani na mtu mzima humalizii hadithi yake hata kama umeisikia tangu utotoni. Unamuuliza. Anafurahi kuitoa. "Si uongo," alisema, "ni heshima." Nilimwambia kwamba mimi nilifundishwa kuwa heshima ni kujifunza habari za mtu kabla hujamsumbua kwa maswali. Na bado nadhani hivyo. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, nikiwa sasa nafundisha walinzi wapya namna ya kusimama na namna ya kusema, na sijapata sababu ya kuona kwamba njia yangu ilikuwa mbaya. Ilikuwa tu njia isiyopendeka, na tofauti hiyo hakuna kitabu kilichonieleza mapema.

Wiki ya mwisho ya mwezi mzee alituita nyumbani kwake, mmoja mmoja, mimi nikiwa wa kwanza. Nilivua viatu mlangoni bila kuambiwa, kwa kuwa nilikuwa nimesoma. Sebule yake haikuwa na vitu vingi: meza ya chini, matakia, feni, kalenda yenye picha ya daraja. Alinimiminia chai ya shayiri iliyopozwa, ladha yake kama mahindi ya kuchoma, na akakaa mbele yangu magoti yake yakiwa pamoja. Akakitazama kitambulisho. Akasema, "Ramadhani, niambie habari zako."

Niliona nafasi yangu. Nilimwambia kwamba nimekuwa nikisoma kuhusu nchi yake, na nikaanza kutoka mji mkuu wa kale. Nilivitaja vile vizuizi vitatu kwa majina, nikieleza kila kimoja kilikuwa njia ipi. Nilieleza jinsi jina lilivyopungua eneo. Niligusa suala kwamba watu wa mashariki hawakujichagulia jina hilo, kwa kuwa aliyeko mashariki ya geti hajioni mashariki ya kitu chochote, anajiona yuko kwao. Jina lile lilitolewa na waliosimama upande wa pili. Hilo nililifikiria mwenyewe, sikulisoma popote, na nilikuwa nimelihifadhi liwe la mwisho. Alisikiliza yote. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza aliinamisha kichwa chini sana, chini kuliko nilivyostahili kwa umri wangu, akasema, "Umesoma vizuri sana." Nilirudi getini nikiwa sioni chini kwa furaha. Nilimwambia Makame zamu yako, na nilimwambia kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mwenzake.

Alimchagua Makame. Meneja alituambia kwa simu ya kibanda, na ni mimi niliyeipokea. Jumamosi Makame alikunja godoro lake, akampa Wafula ndoo yake, akanipa mimi chupa ya chai, nikaikataa. Shuka zake zilipoondolewa kitanda kile kilionekana kidogo sana.

Kilichofuata ndicho kilichoufanya mwaka ule kuwa mwaka ule. Nilibaki getini. Kila asubuhi gari la Hirano lilikuja kutoka ndani, Makame akiwa kwenye usukani na shati jeupe, mzee akiwa kiti cha mbele kwa kuwa hakupenda kukaa nyuma, na mimi nikawainulia kizuizi. Jioni walirudi, nikawainulia tena. Makame alipunga mkono kila mara, bila maringo. Mzee aliinamisha kichwa. Mara nyingi walikuwa katikati ya mazungumzo, na kwa vile vioo vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya joto niliona midomo tu. Mke wa mzee alipofika kiliongezeka kicheko kimoja ndani ya gari. Matembezi ya alasiri yaliendelea, lakini sasa mzee alitembea na mama, na kikombe cha bluu kilikuwa kimesharudi nyumbani. Mlinzi mpya niliyepewa alikuwa Mganda asiyezungumza sana, na kwa hilo nilimshukuru.

Katika miezi ile nilirudi kwenye kafe ya intaneti nikatafuta jambo moja. Nilijua sasa kwamba kulikuwa na watu wa mashariki ya kizuizi na watu wa magharibi ya kizuizi, na kila upande una jina, chakula chake, lafudhi yake na utani wake dhidi ya upande mwingine. Nilitaka kujua waliosimama kwenye kizuizi chenyewe waliitwaje. Walilala wapi, walikula nini, walijihesabu upande gani. Nilipata kidogo: walikuwa na zamu, walikuwa na kibanda, waliwaweka wanawake wazee wawakague wanawake wasafiri. Lakini hakuna nchi iliyopewa jina kwa ajili yao. Nilikaa pale nikiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, nikaona kwamba ninachokisoma si Japani tena. Nilizima kompyuta. Mwaka uliofuata niliomba kuhamishiwa eneo lingine, nikapanda cheo polepole, na leo nina chumba changu chenye mlango na vitabu mpaka kwenye dari. Ni chumba kizuri. Hakina mkunazi dirishani.

Hayo yote nilikwenda nayo Al Wukair Ijumaa iliyopita. Makame sasa anasimamia magari ya kampuni moja ya usafiri, kazi aliyoipata kwa barua ya Hirano, na anaishi na mkewe na watoto wake katika sehemu ya villa iliyogawanywa, mlango wa pembeni, viatu vya watoto vimetapakaa kizingitini. Shemeji Zuwena alikuwa ameandaa kuku wa nazi na mkate wa kumimina. Alisema kwamba mzee aliupenda mkate ule kwa kuwa ni wa mchele, na kwamba kila yeye Zuwena alipokwenda likizo Zanzibar mzee alimtuma iliki. Hata mkewe Makame alikuwa na kumbukumbu zake za mzee. Nilikula na kusifu.

Baada ya chai Makame alinipa simu nisome ujumbe wa binti. Ulikuwa mfupi. Baada ya kueleza kifo aliandika kwamba kwenye maziko wanataka kusoma maneno ya watu waliomfahamu baba yake katika kila nchi aliyofanya kazi, na kwamba kuhusu Qatar baba yake alikuwa akimtaja mtu mmoja. Nilijua mtu huyo si mimi, na bado niliisoma sentensi ile mara nyingine.

"Mie kuandika Kiingereza hivyo siwezi," Makame alisema. "Nitasema, weye uandike. Hakuna anayeandika kukushinda."

Nilimwambia nitaandika. Kisha nikamuuliza jambo ambalo nilikuwa nimelibeba kuliko nilivyobeba chochote: kama aliwahi kujua kwa nini mzee alimchukua yeye. Alitazama chini, akamsogezea mtoto wake mdogo kipande cha mkate.

"Alinambia mara moja, ndani ya gari. Alisema, yule mwenzako nilimuuliza habari za kwao, akanieleza za kwetu. Alisema ulizieleza vizuri, hakuwa na la kuongeza. Na nilipokwenda mie akaniuliza vilevile, nikamweleza habari za punda wa baba angu, alokuwa hapiti mbele ya msikiti mpaka aambiwe bismillahi."

Shemeji Zuwena alicheka kutoka jikoni. Punda yule alikuwa anajulikana katika nyumba ile. Mimi pia nilicheka, na kwa kweli kilikuwa kichekesho. Nilikuwa nimeshindwa na punda. Lakini ukweli ule haukunitibu kama nilivyokuwa nikidhani utanitibu siku nikiusikia. Nilitegemea kwamba nikishajua sababu, wivu utakosa mahali pa kukaa. Ulihama tu. Nilikuwa nimeonea wivu chumba, gari, kicheko nyuma ya kioo; sasa niliionea wivu alasiri ile moja ambayo mzee alikuwa mbele yangu, magoti pamoja, ameuliza swali na anasubiri, na mimi ndani ya alasiri hiyohiyo sikuwepo.

Nikafungua ukurasa kwenye simu. Makame hakujua aanzie wapi. Alisema mzee alikuwa mtu mwema, alisema alipenda kahawa, akaishia hapo. Nikamwambia, "Anza na babu yake. Siku aliyompeleka mlimani."

"Hiyo unaijua. Ulikuwa dirishani."

"Siijui," nikasema. "Ikawaje?"

Akanieleza. Walipanda treni, wakatembea katikati ya mierezi mirefu mpaka mtoto akachoka. Babu akasimama akasema, hapa. Mtoto akatazama pande zote. Hapakuwa na geti wala ukuta, palikuwa na njia ya mawe na majani yaliyoanguka. Akalia, kwa kuwa alikuwa amebeba chakula ili wale mbele ya geti. Babu akachora mstari njiani kwa fimbo yake, akamwambia kaa huku, na yeye akakaa ng'ambo, wakala wakitazamana. Mzee alimwambia Makame kwamba kila alipofika nchi ya kigeni alitafuta geti la kusimama karibu nalo, na la Umm Salal ndilo la kwanza alilokuta mtu wa kula naye.

Makame alikosea jina la mlima. Nililiandika sawasawa bila kumwambia. Mengine yote niliyaweka kama alivyoyasema, kwa Kiingereza safi, kwa sauti ya mtu mmoja anayemwambia binti habari za baba yake. Lakini kabla ya hayo, nilipofika mahali pa kuanza hadithi yenyewe, niliandika, "Siku moja baba yako aliniambia," na vidole vikasimama hapo.

"Mbona umesita?" Makame aliuliza.

Nilimwambia natafuta neno. Alikubali, akamgeukia mtoto. Neno lilikuwa limeshapatikana, na nilikuwa nalitazama. Katika barua ile, mpaka itakapomalizika na kuwekwa jina la Makame, aliyeambiwa nilikuwa mimi. Niliikawiza kadiri nilivyoweza.